Beseni Lilirudi Limejaa

Juzi mwenzangu wa ofisini alikuja na mandazi kutoka kwake, akafungua kifuniko mezani pangu, na kabla sijageuka kuangalia nilikuwa nimeshajua ameyakanda na nini. Ndizi mbivu ikiungua kwenye mafuta ina harufu yake, haifanani na nyingine.

"Umetia ndizi?" nikamwuliza.

"Zilikuwa zimeiva sana, nikaona nisizitupe. Kula, usiniogope."

Alikuwa anatania. Nikachukua andazi moja, nikaenda nalo dirishani, nikasimama nikiangalia mji wa Kisii ukilowa kwa mvua ya alasiri. Sikumbuki kama nililimaliza. Nakumbuka tu wenzangu waliniuliza kama nimepokea habari mbaya nyumbani, nikasema hapana.

Kwetu ni upande wa Ikonge, kwenye kilima cha chai, na kwa sisi tunaosali Jumamosi, Ijumaa ndiyo siku ya kupika kila kitu kabla jua halijazama. Ijumaa nyumbani kwetu ilikuwa ya Nyanya. Aliitwa Nyaboke, mama mzaa baba, mwanamke mfupi aliyehisi baridi hata jua la mchana likiwaka, kwa hiyo alivaa sweta mbili, ya kijani chini na ya kahawia juu. Mimi nilimwita Magokoro, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba kubwa, mabati yake yameliwa na kutu na kuta zake ni nyeusi kwa moshi kama sufuria.

Alianza na ndizi. Zile ndogo tamu, ambazo zikiiva ganda huwa jembamba na kutoka madoa meusi. Aliziponda kwa mkono mpaka zikawa uji, akatia maziwa ya vuguvugu, hamira, sukari na chumvi kidogo, ndipo akaanza kumwaga unga. Alipokanda, midomo yake ilikuwa haitulii. Ananong'ona. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani anaubembeleza unga uumuke. Nilipomwuliza, akaniambia ni majina. Alikuwa amezaa watoto wengi kuliko waliobaki, na wale waliokufa wachanga aliwataja wakati wa kukanda, kwa sababu mikono ikiwa na kazi haogopi kuwakumbuka. Baadaye aliufunika unga kwa leso, tukangoja. Ukishaumuka aliusukuma kwa chupa ya soda, akaukata pembetatu kwa kisu, akadondosha kipande kidogo kwenye karai kuona kama mafuta yameshika moto. Aligeuza mandazi kwa spoku ya baiskeli. Kwa sababu ya ndizi yalikuwa yanaiva meusi, si yale ya rangi ya dhahabu ya hotelini. Ukilipasua moja ndani lilikuwa na unyevu, na mvuke wake ulikuwa mtamu hata kabla hujauma.

Andazi la kwanza lilikuwa letu, mimi na Kerubo. Kerubo alikuwa wa boma la pili, ng'ambo ya ua wa michongoma. Tulikuwa darasa moja na tulikaa dawati moja. Mama yake, Mama Kerubo, alikuwa anakuja kuchukua makaa ya moto jikoni kwa Nyanya karibu kila jioni, anasimama mlangoni, wanaongea habari za chai na za kanisa, na hakuondoka bila andazi mkononi. Kwa hiyo yeye pia alikuwa amemwona Nyanya akinong'ona juu ya unga, mara nyingi. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mama yangu hakuwa wa hapo. Baba alimtoa upande wa ziwa, wakakutana mjini Kisii walipokuwa wanafanya kazi jengo moja, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu yake. Alikuwa na duka la sare za shule sokoni Ikonge. Yeye na Nyanya waliheshimiana kwa mbali. Nyanya hakuweza kukaa nyumba ambayo omena, zile dagaa za ziwani, zinakaangwa, na Mama naye hakuwahi kuonja mandazi ya ndizi. Alisema ni mazito na yana sukari ya kuumiza meno. Nyanya alimwekea sahani kila Ijumaa, na kila Ijumaa Mama alisema, "Asante, Mama, nitakula baadaye," na sahani ikaishia kwangu. Baba alikuwa karani katika ofisi mjini. Alilala huko wiki nzima, akarudi Ijumaa jioni.

Msimu mmoja wa mvua mto wetu ulibadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa. Tuliteka huko huko, tukayaacha maji yatulie, tukanywa. Kerubo akaanza kuumwa kichwa, kisha tumbo. Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Akapata nafuu, akaja kwetu Ijumaa, akakaa nami juu ya kuni kama kawaida, lakini hakumaliza andazi lake. Alinipa lililobaki nikala. Jumapili tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, wakamkimbiza hospitali Kisii. Hakurudi. Daktari alisema ni taifodi, kwamba ilikuwa imetoboa utumbo. Neno hilo lilifika Ikonge kabla ya maiti, kila mtu alilisikia. Lakini nilisikia pia watu wazima wakisemezana kwenye foleni ya kupima majani chai, "Watoto wote wanakunywa mto ule ule. Mbona ni Kerubo tu?" Niliona ni swali zuri. Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo. Sikujua kwamba wao tayari walikuwa na jibu.

Siku za msiba kila jirani alipeleka kitu: kuni, mboga, maziwa. Nyanya alipika mandazi beseni zima, akalifunika kwa kitambaa cheupe cha meza, tukaenda naye. Alilipeleka kwa wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba. Mmoja akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kando, chini ya mti wa parachichi. Chai ikamwagwa vikombeni, ikanywewa na mkate. Nilingoja beseni lifunguliwe kwa sababu nilikuwa na njaa. Halikufunguliwa. Jua liliposhuka, mwanamke yule yule alimletea Nyanya beseni lake, kitambaa kikiwa kimekunjwa vile vile pembeni.

"Chakula kilikuwa kingi, Magokoro," akasema. Hakumwangalia usoni.

Tukarudi kwa njia ya katikati ya chai, Nyanya mbele. Mimi nilikuwa na huzuni ya Kerubo, lakini nilikuwa mtoto, na huzuni ya mtoto inaacha nafasi. Nilifurahi kwamba yamebaki yote. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa.

"Kula," Nyanya akasema bila kugeuka. "Kula tu. Kula wewe."

Baada ya hapo Mama Kerubo akaacha kuja kuchukua makaa. Watoto waliokuwa wanapitia kwetu Ijumaa wakaanza kupitia barabara ya juu, iliyo ndefu na ya matope. Shuleni niliachwa peke yangu kwenye dawati, nikadhani ni kwa heshima ya Kerubo. Siku moja msichana mmoja wa darasa letu akaniambia wakati wa mapumziko, "Mandazi ya nyanya yako ni mbaya."

"Mbaya namna gani?"

"Ni mbaya tu. Ni meusi. Mama amesema tusikule."

Nilielewa nilichoweza kuelewa. Mbaya ni kinyume cha tamu. Nikarudi nyumbani nikitafuta kasoro ilipo. Niliwaza labda ni ndizi, labda ni moshi wa kuni. Nikamwomba Mama iliki kutoka sokoni, akaninunulia bila kuuliza sana. Ijumaa nikamwambia Nyanya nataka tupike tofauti: ndizi kidogo, sukari zaidi, iliki ndani, na tuyatoe mapema yasiwe meusi.

Nyanya akageuka. "Nani amesema ni meusi?"

"Watu. Wanataka ya kama hoteli."

Akazisaga zile mbegu kwa jiwe kwa uangalifu, mtu ambaye hakuwahi kutia iliki katika maisha yake. Akafanya kila nilichosema. Siku hiyo hakunong'ona. Niliona midomo yake imefungwa, imebanwa kabisa, na nikadhani anasikiliza maagizo yangu. Sasa najua alikuwa ameshasikia yanayosemwa juu ya midomo ile.

Mandazi yakatoka ya rangi ya dhahabu, nikayasifu kama muuzaji. Jumatatu nikayapeleka shuleni kwenye karatasi. Nilimpa kila msichana wa safu yetu moja, na walipokea. Hakuna aliyekataa usoni pangu. Jioni, nikirudi nyumbani nyuma yao, nikayakuta kwenye mtaro kando ya chai. Yalikuwa mazima, hayana alama ya jino, na siafu walikuwa wameshafika. Nilidhani yamewaponyoka. Nikayaokota, nikayapuliza vumbi, nikayabeba kwenye sketi mpaka nyumbani.

"Magokoro, waliyaangusha! Yalikuwa mazuri halafu wakayaangusha!"

Nyanya alikuwa anachambua mboga. Akanyoosha mikono, akayapokea yote, akayatia motoni moja moja.

"Usipeleke tena," akasema.

"Lakini sasa yana iliki."

"Moraa. Usipeleke tena."

Neno lenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtoto mdogo kuliko mimi, aliyekuwa amepanda juu ya lango lao: omorogi. Mchawi. Alilisema nikipita, halafu akashuka mbio akaingia ndani. Neno nililijua kutoka hadithi. Katika hadithi zetu omorogi alitembea uchi gizani, amejipaka mafuta, akikimbia kwenye maboma ya watu. Nikacheka peke yangu njia nzima. Nyanya alivaa sweta mbili saa sita mchana! Nyanya alikuwa akioga kwa maji ya moto na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Nilimwambia Mama jioni ile kama kichekesho, na Mama akaacha kisu juu ya kitunguu.

"Nani amekwambia hivyo?"

Nikamtaja mtoto yule. Mama akafunga duka mapema wiki ile yote, na Ijumaa Baba alipokuja waliongea chumbani, mlango umefungwa. Nilimsikia Baba akisema, "Ni maneno ya watu. Yataisha." Mama akasema kitu kwa lugha ya kwao, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa na hasira sana.

Hayakuisha. Kitindamimba wa Mama Kerubo, mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea, akaanza kuharisha.

Ilikuwa Ijumaa, alasiri, jua limetoka baada ya mvua na chai yote inang'aa. Nyanya alikuwa amerudia ndizi zake. Hakukuwa na mtu wa kumfurahisha tena, akasema, basi tutapika kama tunavyopenda sisi. Beseni lilikuwa limejaa nusu na karai bado liko motoni. Mama akatokea uani anakimbia, ameshika viatu mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akikimbia.

"Mama, tutoke. Wanakuja. Nimewaacha nyuma kidogo."

Nyanya akamwangalia, akaangalia karai. Alimjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nitaacha mafuta kwa moto? Mtoto ataungua."

"Mama, tafadhali."

"Mimi nimefanya nini?"

Mama akamshika mkono amvute, lakini watu wakawa wameshaingia.

Nilidhani nitaona watu wageni. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba niliwajua wote. Kulikuwa na kijana aliyekuwa anatuchumia chai. Kulikuwa na mwanamke aliyeturudishia beseni msibani, na vijana wa timu ya mpira, na mzee mmoja niliyezoea kumpa mkono kanisani. Wamebeba fimbo na mawe, wengine hawakubeba kitu, wamekuja tu. Mama Kerubo alikuwa mbele. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amekonda na macho yake yamekauka.

Mama akasimama mlangoni pa jiko, bado ameshika viatu.

"Mama Moraa," akasema yule kijana wa chai, kwa Kiswahili ili aelewe, "wewe si wa hapa. Kaa kando. Hatuna neno na wewe."

"Huyu ni mama ya bwana yangu. Kama una neno na yeye una neno na mimi."

"Muulize alimpa mtoto wangu nini," Mama Kerubo akasema. "Mimi nataka hiyo tu. Aseme alimpa nini. Huyu mwingine pia ananiishia mkononi."

Mama akageuka. Nilidhani anataka kutuvuta tutoroke. Badala yake aliinama, akatoa andazi kwenye beseni, likiwa bado moto kiasi kwamba alilihamisha kiganja hadi kiganja, akalinyanyua juu watu walione.

"Alimpa hii," akasema. Akala. Mama, ambaye hakuwahi kuonja, alikula mbele yao andazi zima, akilitafuna kwa nguvu kama mtu anayekula dawa. Akamaliza, akafuta mdomo. Kisha akachukua lingine akanipa.

"Moraa, kula."

Nilikula. Watu walikuwa wananitazama nikitafuna, na sijawahi tena kula nikitazamwa hivyo. Nakumbuka lilikuwa tamu. Ni jambo la ajabu kulikumbuka, lakini lilikuwa tamu.

"Mama Kerubo," Mama akasema, sasa kwa sauti ya chini, "wewe umekula haya miaka mingi kuliko mimi. Uliwahi kuumwa?"

Mama Kerubo akafungua mdomo. Nilimwona. Nina hakika hata leo kwamba alikuwa anataka kusema hapana, na kwamba watu walikuwa wanamngoja yeye. Wengine nyuma walikuwa wameanza kuteremsha fimbo. Lakini sauti ikatoka nyuma, sauti ya mwanamke, sikumwona ni nani.

"Amefundishwa uchawi! Hawezi kudhurika, ameshafundishwa! Na huyo mtoto pia!"

Macho yote yakahama kutoka kwa Mama yakanijia mimi. Mpaka dakika ile nilikuwa natazama jambo linalomhusu Nyanya.

Jiwe la kwanza lilipiga mabati. La pili liliingia ndani. Mtu akampita Mama, akalipiga karai teke, na mafuta yakamwagika kwenye moto. Ukuta mzima wa ndani ukawaka mara moja, masizi ya miaka yote ile yakashika moto kama karatasi. Nyanya alipiga kelele, mara moja tu. Mafuta yalikuwa yamemwagikia mguu. Mama alinishika mimi kwa mkono mmoja na Nyanya kwa mwingine, akatutoa kwa mlango mdogo wa nyuma ulioelekea kwenye chai, na nadhani tulipona kwa sababu watu walirudi nyuma kuukwepa moto wenyewe. Tulipita katikati ya michai, vichaka vinatukwaruza. Nyanya alikuwa anachechemea na sweta yake ya juu inanuka moshi, na njia nzima hakulia. Alirudia tu, "Mtoto ameungua? Angalia mtoto kama ameungua."

Barabarani tulikuta lori la majani chai limesimama kituoni linapakia. Dereva hakuwa mtu wa huko. Aliangalia mguu wa Nyanya, ngozi ikining'inia, akaangalia moshi juu ya kilima.

"Pandeni," akasema. "Laleni chini ya magunia."

Tulilala kwenye majani mabichi mpaka mjini Nyamira.

Mguu ulipona vibaya, lakini ulipona. Baba alienda kwa wakubwa wa serikali, akarudi, akaenda tena. Kila mahali aliulizwa nani hasa alimwaga mafuta, nani hasa alirusha jiwe, na kila aliyeulizwa kilimani alisema hakuwapo. Mwishowe wazee walikaa, wakasema kwa amani ya wote ni vizuri Nyanya akae kwa binti yake, huko Suneka. Baba akakubali. Aliniambia nisizungumze mambo hayo shuleni. Sisi tuliobaki tulirudi kuishi pale pale, kwa sababu nyumba ilikuwa pale na duka la Mama lilikuwa pale. Kabla ya muhula kufunguliwa wale wanawake walikuja dukani kununua sare, wakamsalimia Mama, wakaulizia bei, wakapimia watoto wao masweta. Mama aliwapimia. Nilimwona akiweka mabega ya yule msichana wa darasa letu sawa, akivuta mshono, akisema, "Hii itamtosha mwaka mzima." Jioni alikaa jikoni kwetu muda mrefu bila kuwasha taa.

Suneka, Nyanya aliishi chumba cha nyuma kwa shangazi yangu. Likizo nilipelekwa kwake. Shangazi alikuwa na watoto wadogo, na niligundua mara moja kwamba Nyanya hawagusi. Akiletewa chakula alikula peke yake, akaosha sahani yake mwenyewe akaiweka mbali na nyingine. Hakuna aliyemlazimisha. Shangazi alimsihi, hata alikasirika, akamwambia, "Mama, hapa hakuna anayejua lolote." Siku moja shangazi alikuwa amekanda unga wa mandazi, mikono imejaa, na mtoto akaanza kulia chumbani. Akamwita Nyanya amalizie kukata tu. Nyanya alikuja mpaka mlangoni, akautazama unga, akaificha mikono nyuma kama mtoto aliyeshikwa na kosa.

"Hapana," akasema. "Hawa ni watoto wa wenyewe."

Jioni ile tulikaa nje, mimi na yeye. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, "Moraa, wewe ulikula yangu kuliko wote."

"Ndiyo, Magokoro."

"Uliwahi kuumwa?"

"Hapana."

"Tumbo? Usiku? Ukaficha usiniambie?"

"Sikuwahi."

Akatikisa kichwa polepole, akageukia mbali. Nilidhani anauliza ili niwe shahidi wake, kama Mama alivyofanya siku ile. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anauliza kwa sababu hakujua. Walikuwa wamemwambia wengi mno, watu aliowapenda, na alikuwa amekaa na maneno hayo kwenye chumba cha nyuma mpaka yakamwingia. Kila likizo aliniuliza tena. Nilipoingia sekondari aliniuliza. Nilipokuwa chuoni, macho yake yameshafifia, alinigusa uso kujua ni nani, kisha akaniuliza, "Na sasa? Hakuna kitu kilichokuja baadaye?" Nikamwambia nina afya nzuri, Magokoro. Akasema, "Sema tena." Nikasema tena.

Alipokufa alirudishwa Ikonge, kwa sababu mjane huzikwa kwa mumewe. Watu walijaa. Sijui nilitegemea nini, labda kwamba wataona aibu wakae kwao, lakini walikuja wote. Kijana wa chai, sasa mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Waliimba vizuri, walikula wali, walisifu jinsi alivyokuwa mkarimu. Baba alitoa shukrani kwa majirani. Mama alikaa kwenye kiti chake akitazama mbele, na aliposogelewa apewe pole alitoa mkono tu.

Mama Kerubo alinifuata nikiwa nimesimama peke yangu. Alikuwa amezeeka. Alinishika mikono miwili akalia, na hakuwa anaigiza, machozi yalikuwa ya kweli na yalinilowesha. Nikamwuliza habari za yule kitindamimba wake.

"Yuko Nairobi, anafanya kazi. Mungu alimsaidia." Akajifuta. Kisha akaongea kwa upole, kama mtu mzima anayemweleza mtoto jambo gumu. "Sisi hatukumchukia, mwanangu. Nataka ujue. Lakini uliona mwenyewe. Alipohama tu, mtoto alipona."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu utotoni yalinitoka kichwani. Taifodi, mto, dawa ambayo walimpa mtoto zahanati wiki ile ile. Nilibaki na moja tu.

"Mama Kerubo, mimi nilikula mandazi yale kuliko watoto wote wa kilima hiki. Sikuumwa hata siku moja."

Akanitazama kwa huruma, akanipapasa shavu kwa kiganja chake kigumu cha kuchuma chai.

"Wewe ulikuwa wake," akasema, akaokota sahani chafu zilizokuwa miguuni petu, akaenda kusaidia kuosha vyombo.